Kiti na Ujumbe: Jeremiah Nyagah, Mwanawe Joseph, na Urithi wa Uongozi Embu

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa maji hufuata mkondo. Methali hii hutumiwa kueleza kwa nini mwana wa mhunzi huwa mhunzi na mwana wa mvuvi huwa mvuvi. Katika siasa za Kenya, hata hivyo, methali hiyo imezua ubishi mkubwa. Wapo wanaoitaja kwa nia ya kusifu, wakiamini kwamba mtoto aliyelelewa katika nyumba ya kiongozi hujifunza uongozi kama ajifunzavyo lugha ya mama. Wapo pia wanaoilaumu, wakidai kwamba jamhuri si milki ya mtu na kwamba kiti cha bunge si shamba la kugawiwa wana baba afapo.

Makala haya yananuia kuchangia mjadala huo kwa kuchunguza safari ya baba na mwana kutoka Embu. Baba ni marehemu Jeremiah Nyagah (1920-2008), mwalimu aliyekuwa mbunge na waziri kwa miongo kadhaa. Mwana ni marehemu Joseph Nyagah (1948-2020), balozi wa Kenya mjini Brussels, kisha mbunge, waziri na hatimaye mgombea wa urais. Tunadai kuwa wawili hawa wanatupa fursa ya kutenganisha mambo mawili ambayo wananchi, na hata baadhi ya wasomi, huyachanganya: kurithi kiti na kurithi ujumbe. Kiti huweza kupita kutoka mkono mmoja hadi mwingine katika uchaguzi mmoja. Ujumbe, yaani ule uwezo wa kusimama kati ya pande mbili na kuzungumza kwa niaba ya watu wasiosikika, haurithiwi kwa njia hiyo. Kila kizazi hulazimika kuuthibitisha upya, na mara nyingine kwa kuuacha mkondo wa baba.

Neno balozi

Ni vyema tuanze na istilahi. Kiswahili hakijawa na neno moja lililokubalika la kumtofautisha mtu anayetafuta kura tu na yule aliyekomaa katika kuendesha mambo ya dola. Wote huitwa wanasiasa. Tunapotaka kumheshimu wa pili twasema kiongozi wa taifa au mzee wa taifa. Kwa upande wa mwakilishi wa nchi, hata hivyo, lugha yetu ina hazina kubwa. Tunaye mjumbe, ambaye methali inatukumbusha kuwa hauawi. Tunaye mshenga, anayepeleka posa na kurudi na majibu, na ambaye ni sharti aaminiwe na nyumba zote mbili. Tena tunaye balozi.

Neno balozi lina historia ndefu. Wataalamu wa asili ya maneno hulihusisha na neno la Kituruki, balyoz, ambalo nalo lilitokana na bailo, cheo cha mjumbe wa Jamhuri ya Venice mjini Konstantinopoli. Hivyo, neno hili lilianza likiwa la wafanyabiashara na wafalme wa Bahari ya Mediterania. Lakini tazama lilivyotumika nchini Tanzania: balozi wa nyumba kumi si mtu wa kuvaa suti na kupanda ndege, bali ni jirani anayejua nani ana mgeni na nani ana mgogoro wa mpaka. Neno hilohilo, basi, humtaja anayetuwakilisha ng'ambo na anayetupatanisha nyumbani. Maana hizi mbili zitatufaa tutakapomtazama Joseph Nyagah, kwani alikuwa balozi kwa maana zote mbili, na ya pili ndiyo iliyomgharimu zaidi.

Mwalimu aliyeingia Baraza

Jeremiah Joseph Mwaniki Nyagah alizaliwa tarehe 24 Novemba 1920 katika eneo la Embu. Alisomea shule ya upili ya Alliance huko Kikuyu, akaendelea na masomo yake Makerere nchini Uganda na baadaye Oxford nchini Uingereza. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ualimu na usimamizi wa elimu. Jambo hili si dogo. Katika kizazi chake, mwalimu ndiye aliyekuwa mshenga wa kwanza kati ya kijiji na serikali. Ndiye aliyesoma barua za wazazi, akaandika majibu na kufafanua amri za Bwana DC.

Aliingia katika siasa wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 na kuondolewa Januari 1960. Ili tuuelewe mwanzo wake ni lazima tuelewe masharti ya wakati ule. Mnamo Machi 1957 Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wanane wa Baraza la Kutunga Sheria. Katika Mkoa wa Kati, Bernard Mate kutoka wilaya ya Meru alimshinda Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuketi katika Baraza hilo. Mwaka uliofuata, Machi 1958, viti sita viliongezwa. Jeremiah Nyagah alichaguliwa kuwakilisha Nyeri na Embu. Wengine walioingia katika awamu hiyo ni pamoja na Julius Kiano, Taaitta Toweett na Francis Khamisi.

Chaguzi hizo hazikuwa huru kama tunavyouelewa uhuru wa uchaguzi leo. Mpiga kura alihitaji sifa za elimu, mali, umri au utumishi, na mwenye sifa nyingi aliweza kupewa kura zaidi ya moja. Aidha, Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa kuwa na cheti cha utiifu, yaani uthibitisho kwamba hawakuwaunga mkono Mau Mau. Kwa hiyo, maelfu ya watu waliozuiliwa kambini, pamoja na jamaa zao waliokosa cheti hicho, hawakuwa na sauti. Ukweli huu unapaswa kusemwa wazi katika tathmini yoyote ya viongozi wa Mlima Kenya wa kizazi kile. Kiti cha kwanza cha Nyagah kilitoka katika mlango mwembamba uliofunguliwa na mkoloni.

Pamoja na hayo, wajumbe kumi na wanne hao hawakukubali kuwa mapambo ya Baraza. Kupitia umoja wao wa wajumbe Waafrika waliochaguliwa, walikataa nyadhifa za uwaziri chini ya katiba ya wakati huo, wakadai katiba mpya na kushinikiza Jomo Kenyatta aachiliwe. Mwanzoni mwa 1960 walishiriki katika mkutano wa Lancaster House mjini London, ambapo serikali ya Uingereza ilikubali kwa mara ya kwanza kwamba Waafrika wawe na wingi wa viti katika Baraza. Hapo ndipo tunapomwona Nyagah akianza kuutimiza ujumbe: alichaguliwa na wachache walioruhusiwa kupiga kura, lakini alizungumza kwa niaba ya wengi waliozuiwa.

Embu kati ya majirani

Siasa za Nyagah haziwezi kutengwa na jiografia ya Embu. Waembu na Wambeere ni jamii ndogo wakilinganishwa na Wakikuyu walio kusini-magharibi, Wameru walio kaskazini na Wakamba walio ng'ambo ya Mto Tana. Mipaka ya mikoa ilipopangwa upya kuelekea uhuru wa 1963, Meru na Embu ziliondolewa kutoka Mkoa wa Kati na kutiwa katika Mkoa wa Mashariki pamoja na Ukambani, Isiolo na Marsabit. Kirinyaga nayo ilitengwa na Embu na kubakia upande wa Kati. Mji mdogo wa Embu ukawa makao makuu ya mkoa uliofika hadi Moyale, mpakani na Ethiopia.

Jamii iliyo katika hali kama hiyo haiwezi kushinda kwa idadi. Yabidi ishinde kwa ushirikiano, na kiongozi wake hana budi kujua lugha ya kila jirani, kwa maana halisi na kwa maana ya kitamathali. Tukimlinganisha Nyagah na Jackson Angaine wa Meru tofauti inaonekana. Angaine, aliyekuwa Waziri wa Ardhi na Makazi katika serikali ya Kenyatta, alikuwa na jamii kubwa nyuma yake, hata akapewa lakabu ya Mfalme wa Meru. Mwaka 1979 wapiga kura walimwangusha. Nyagah hakuitwa mfalme wa mahali popote. Alikaa bungeni hadi alipostaafu mwenyewe mwaka 1992, miaka thelathini na minne tangu achaguliwe mara ya kwanza.

Alihudumu katika wizara mbalimbali chini ya Kenyatta na Daniel arap Moi, Elimu, Maliasili na Kilimo zikiwa miongoni mwazo. Aliishika Wizara ya Elimu katikati ya miaka ya 1960, serikali ilipokuwa ikishughulikia mapendekezo ya Tume ya Elimu ya 1964 iliyoongozwa na Simeon Ominde. Wanafunzi wa Kiswahili wanaikumbuka tume hiyo kwa sababu ilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi, huku ikikiacha Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia. Mgawanyo huo wa majukumu kati ya lugha hizi mbili unaendelea kutuathiri hadi leo.

Jambo jingine linalotuhusu sisi wanalugha lilitokea Julai 1974. Rais Kenyatta aliamuru Kiswahili kiwe lugha ya mijadala bungeni, na katiba ikarekebishwa. Miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza, lakini hotuba na majibu ya mawaziri yalitakiwa yawe kwa Kiswahili, hadi Kiingereza kiliporudishwa mwaka 1979. Nyagah alikuwa Waziri wa Kilimo katika kipindi hicho. Waziri wa wakati ule alisoma takwimu zilizoandikwa kwa Kiingereza na maafisa wake, kisha akazieleza kwa Kiswahili mbele ya wabunge kutoka kila pembe ya nchi. Kazi hiyo ya kuihamisha taarifa kutoka lugha ya ofisi hadi lugha ya umma ni ujumbe kwa maana yake ya asili.

Kahawa na mikataba

Ili kuiona kamba inayomfunga mwana na baba, tutazame zao la kahawa. Kabla ya miaka ya 1930 Waafrika wa Kenya walizuiwa kulima kahawa. Majaribio ya mwanzo ya kuwaruhusu yalifanyika Meru, Embu na Kisii. Kufikia uhuru, miteremko ya juu ya Embu na Meru ilikuwa imejaa mashamba madogo ya kahawa, na wakulima walikuwa wamejiunga katika vyama vya ushirika vilivyomiliki viwanda vya kumenya na kuosha mazao yao.

Baba alikuwa Waziri wa Kilimo katika miaka ambayo bei ya kahawa ilipanda kupita kiasi. Julai 1975 baridi kali iliunguza mashamba ya Brazil, na katika miaka ya 1976 na 1977 wakulima wa Kenya wakapata fedha ambazo hawakuwahi kuziona. Nyumba za mabati zilijengwa na watoto wakapelekwa shule. Hata hivyo, mafanikio hayo yalitokana na janga la watu wengine, si na uwezo wa mkulima wa Embu kujipangia bei.

Mwaka huohuo wa 1975, tarehe 28 Februari, nchi 46 za Afrika, Karibea na Pasifiki zilitia saini mkataba na Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya katika mji wa Lomé, Togo. Kenya ilikuwa mojawapo. Mkataba huo uliruhusu bidhaa nyingi za nchi hizo ziingie Ulaya bila ushuru. Vilevile, uliweka mpango wa kuzifidia nchi ambazo mapato yao ya mazao kama kahawa, chai na kakao yangeshuka ghafla. Makao ya mazungumzo ya kila siku kuhusu mikataba hii yalikuwa Brussels, Ubelgiji, ambako pia ilikuwa ofisi kuu ya umoja wa nchi hizo za Afrika, Karibea na Pasifiki.

Hapo ndipo Joseph Nyagah alipotumwa. Baada ya kusoma Chuo Kikuu cha Nairobi na kupata shahada ya uzamili katika usimamizi wa biashara nchini Marekani, alihudumu katika miaka ya 1980 kama balozi wa Kenya nchini Ubelgiji na katika Jumuiya ya Ulaya. Muongo huo ndio uliozaa mkataba wa tatu wa Lomé, uliotiwa saini tarehe 8 Desemba 1984 na ambao ulizihusisha nchi 65 za Afrika, Karibea na Pasifiki. Kwa ufupi, baba alisimamia Wizara ya Kilimo mkataba wa kwanza ulipoanza kutekelezwa, na mwana akaja kuiwakilisha nchi katika mji ambapo masoko ya mazao hayo yalijadiliwa.

Kazi ya balozi katika mji kama huo si ya karamu. Anasoma vifungu vya kanuni za ubora na ushuru, anatafuta washirika miongoni mwa nchi zinazolima zao lilelile, na anajadiliana na upande wenye fedha nyingi na haraka kidogo. Nchi moja ndogo haisikiki. Nchi 65 zikisema kwa sauti moja husikika. Ni somo lilelile ambalo Embu ilikuwa imelijua kwa muda mrefu miongoni mwa majirani zake.

Baada ya Brussels Joseph aliongoza Shirika la Ndege la Kenya. Wakati huo kahawa ilikuwa inaelekea kuporomoka. Julai 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana soko la kahawa ulisitishwa na bei ikaanguka. Kenya, iliyokuwa imezalisha karibu tani 130,000 katika msimu wa 1987/88, ilishuka hatua kwa hatua hadi chini ya nusu ya kiwango hicho. Wakulima wengi wa Embu na Meru waliipuuza mikahawa yao, na wengine wakaing'oa.

Mwana aacha mkondo

Baba alipostaafu mwaka 1992, kiti cha Gachoka kilibaki katika familia. Mwanawe Norman alikishinda katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Mwaka 1997 Norman alihamia Kamukunji jijini Nairobi, na Joseph akachaguliwa Gachoka. Ndugu yao Nahashon naye alikuwa Gavana wa Benki Kuu ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa anayelaumu siasa za nasaba, orodha hii inatosha kuwa ushahidi. Hatuwezi kumbishia kwamba jina lilisaidia. Jina la baba humfikisha mwana mlangoni bila kupanga foleni.

Lakini kilichofuata hakikuwa katika mkondo. Mwaka 2002 Joseph alikuwa miongoni mwa viongozi wa KANU walioasi chini ya kundi la Rainbow, wakahamia chama cha LDP na kuingia katika muungano wa NARC ulioishinda KANU mnamo Desemba. Hicho kilikuwa chama ambacho baba yake alikitumikia tangu enzi za uhuru. Hatua ya pili ilikuwa nzito zaidi. Kufikia 2007 eneo zima la Mlima Kenya, Meru na Embu zikiwemo, lilimuunga mkono Rais Mwai Kibaki kwa wingi mkubwa. Joseph alibaki upande wa pili pamoja na Raila Odinga, Musalia Mudavadi, William Ruto na Najib Balala katika uongozi wa ODM ulioitwa Pentagoni, ambao Charity Ngilu alijiunga nao baadaye.

Hapo ndipo maana ya pili ya balozi inapojitokeza. Alikuwa akiwawakilisha watu wa Mlima Kenya katika chama ambacho wengi wao hawakukitaka, na akikiwakilisha chama hicho kwa watu waliokiogopa. Mshenga wa namna hiyo hulaumiwa na nyumba zote mbili. Katika uchaguzi wa Desemba 2007 kiti cha Gachoka kilichukuliwa na Mutava Musyimi, na Joseph akaingia Bunge la Kumi kwa kuteuliwa na ODM. Kiti ambacho familia ilikuwa imekishikilia kwa miongo mingi kikawa kimetoka mikononi mwake.

Ghasia zilizofuata uchaguzi huo ziliua zaidi ya watu 1,100 na kuwahamisha mamia ya maelfu. Mkataba wa Kitaifa ulitiwa saini tarehe 28 Februari 2008 chini ya upatanishi wa Kofi Annan. Tarehe 10 Aprili Mzee Jeremiah Nyagah alifariki akiwa na umri wa miaka 87. Wiki moja baadaye, tarehe 17 Aprili, baraza la mawaziri la serikali ya muungano liliapishwa, na Joseph akawa Waziri wa Maendeleo ya Vyama vya Ushirika na Masoko. Wizara hiyo ilimrudisha kwa mkulima yuleyule wa kahawa ambaye baba yake alimhudumia katika miaka ya 1970. Wakati wa uongozi wake Bunge lilipitisha Sheria ya Vyama vya Akiba na Mikopo ya 2008, na mamlaka ya kusimamia vyama hivyo ikaanza kazi. Kwa wanachama waliokuwa wakiweka akiba kwa miaka bila kujua kama fedha zao zilikuwa salama, huo ulikuwa ulinzi ambao hawakuwa nao kabla.

Mfano wa nje

Ulinganishi na historia ya Marekani unaweza kutusaidia hapa. John Quincy Adams, aliyekuwa rais kuanzia 1825 hadi 1829, alikubali baadaye kurudi katika Baraza la Wawakilishi na kukaa huko tangu 1831 hadi alipofariki mwaka 1848. Kwa miaka mingi alipinga kanuni iliyozuia Baraza kujadili maombi ya kukomesha utumwa, hadi ikaondolewa mwaka 1844. Mwanawe, Charles Francis Adams, alikihama chama cha Whig mwaka 1848 na kugombea umakamu wa rais kupitia chama kipya kilichopinga kuenea kwa utumwa. Kisha kuanzia 1861 hadi 1868 alikuwa mjumbe wa Marekani mjini London. Kazi yake kubwa ilikuwa kuizuia Uingereza isiyatambue majimbo ya Kusini yaliyojitenga wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Tunaona mambo mawili yanayofanana. Kwanza, jina la baba lilimfungulia mwana milango ya London, lakini halikumfanyia mazungumzo. Pili, mwana aliendeleza kazi ya baba kwa kukiacha chama, si kwa kung'ang'ania. Tofauti nayo ipo. Akina Adams walikuwa na suala moja kubwa, utumwa, lililowapa kipimo cha wazi. Akina Nyagah walifanya kazi katika mambo madogomadogo ya kila siku: bei, mikopo, mipaka, shule. Ni vigumu zaidi kumpima kiongozi kwa mambo hayo, na pengine ndiyo sababu historia zetu huyapita haraka.

Tathmini

Je, wawili hawa waliwafaidi watu wao? Jibu la haki halina budi kuwa na pande mbili. Uwanda wa Mbeere umepakana na mabwawa ya umeme ya Mto Tana: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, yaliyojengwa kati ya miaka ya 1960 na 1980, kipindi ambacho baba alikuwa serikalini. Nyaya za umeme zilipita juu ya mapaa kuelekea Nairobi huku vijiji vingi vya chini vikibaki na koroboi kwa muda mrefu. Kukaa kwingi mezani hakukuhakikisha kuwa sahani ilifika nyumbani. Aidha, mfumo wa chama kimoja ambao baba aliutumikia kwa uaminifu uliwanyima wengine nafasi ya kusema.

Upande wa pili ni kwamba jamii ndogo haikumezwa. Kwa nusu karne Embu ilikuwa na mtu wa kuizungumzia katika Baraza la kikoloni, Lancaster House, serikali mbili za mwanzo, Brussels na serikali ya muungano. Waliofanya hivyo hawakuwachochea watu wao dhidi ya majirani ili wapate kura. Mwana alikubali hata kukosa kura hizo. Mwaka 2017 aligombea urais kama mgombea binafsi na kupata kura 42,259, chini ya asilimia moja, akiwa wa tatu katika matokeo yaliyotangazwa Agosti mwaka huo, kabla ya Mahakama ya Juu kuubatilisha uchaguzi wenyewe mnamo Septemba. Alifariki tarehe 11 Desemba 2020 kutokana na COVID-19.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba methali ya maji na mkondo inaeleza nusu tu ya ukweli. Kiti cha Gachoka kilifuata mkondo kwa muda, kisha kikatoka. Hata jina la Gachoka limeondoka katika orodha ya maeneo ya uwakilishi bungeni, kwani tangu 2013 eneo hilo huitwa Mbeere Kusini. Kilichodumu zaidi ya kiti ni kazi ya ujumbe, ambayo baba aliifanya kwa kukaa ndani ya chama kimoja na mwana akaifanya kwa kutoka.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili lipo jukumu mahususi. Wasifu wa viongozi wa Meru na Embu kwa lugha yetu ni mchache mno. Mengi yaliyoandikwa kuwahusu yako katika Kiingereza na katika kumbukumbu rasmi za Bunge, zikiwemo zile za 1974 hadi 1979 ambazo ni hazina ya Kiswahili cha utawala. Wazee waliopiga kura mwaka 1958, na wale walionyimwa cheti cha kupigia kura hiyo, wanaendelea kutuaga. Anayetafuta mada ya tasnifu na aanze na kumbukumbu hizo za Bunge, kisha ashuke vijijini akawasikilize wazee hao wangali hai.